Mgeni na Mwenyeji wa Bukavu

Bukavu iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, pale Mto Ruzizi unapoanza safari yake ya kuteremka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji hauna tambarare ya maana. Unaanzia kwenye rasi tano nyembamba, ambazo wakazi huzifananisha na vidole vya mkono uliotumbukizwa majini, kisha unapanda vilima vya Ibanda na Kadutu na kuendelea hadi Bagira. Ng'ambo ya Ruzizi ni Cyangugu, nchini Rwanda. Anayefika mara ya kwanza kutoka Kindu, Kisangani au pwani hushangazwa kwanza na baridi ya jioni, kwani watu wa hapa huvaa sweta siku ambazo nchi za chini zinatoka jasho.

Anachokiona baada ya hapo hutegemea njia aliyopitia. Boti za Goma huingia kwa upande wa rasi, hivyo abiria hulakiwa na bustani, kuta nyeupe na majumba ya zamani yenye kona za mviringo. Anayetoka uwanja wa ndege wa Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini, hupita katikati ya migomba na mashamba ya maharage. Anayepanda kutoka Uvira kwa barabara ya magenge ya Ngomo huingilia Panzi, na macho yake hukutana na nyumba za mbao na mabati zilizobanana mteremkoni. Wote wamefika Bukavu, ila kila mmoja atapeleka kwao habari za mji tofauti. Tofauti hiyo ina historia. Ilitokana na namna wageni walivyopokewa hapa kwa zaidi ya miaka mia moja: nani alipewa ukingo wa ziwa, nani alipelekwa mlimani, na nani alilala kwa nani usiku wa kwanza. Kwa kuwa karibu kila jamaa ya mjini ilianza na mtu aliyekuja na mzigo wake akapokewa na mwingine, ni vigumu kueleza jinsi mji ulivyokua bila kueleza mapokezi hayo.

Kabla ya mji kulikuwa na Bushi, nchi ya Bashi, wakulima na wafugaji wanaosema Kimashi, chini ya watawala waitwao mwami. Ardhi ambayo sasa ni Bukavu ilikuwa ya mwami wa Kabare. Upande wa kusini-magharibi ilikuwa nchi ya Ngweshe. Huko, mgeni aliyetaka kukaa alihitaji mtu wa kumfikisha kwa mkubwa wa kilima na kumtolea ushahidi kwamba ni mtu wa watu. Kisha ulifuata mkataba wa kalinzi. Mgeni alitoa mifugo, hasa ng'ombe, akapewa ardhi ya kulima na kuwarithisha watoto wake, na kwa upande wake akawa mtu wa mkubwa yule, mwenye wajibu wa utii na kazi. Asiye na mifugo aliomba bwasa, kipande kidogo cha muda mfupi ambacho hakikumpa haki ya kudumu. Fedha zilipoenea wakati wa ukoloni ukaingia mkataba mwingine, bugule, ambao ni ununuzi wa ardhi usiomfunga mnunuzi kwa mkubwa yeyote. Kalinzi haikuwa hisani, na wakubwa waliojua kuitumia walitajirika nayo. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja ambalo mji wa baadaye haukuwahi kulipata: mgeni alijua kwa bei gani, mbele ya mashahidi gani, na tangu siku gani anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Wazungu wa kwanza kuandika habari za sehemu hizi hawakuona Bukavu yoyote. Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakathibitisha kwamba Ruzizi unamwaga maji humo wala hautoki humo, na kwa hiyo ziwa hilo haliwezi kuwa chanzo cha Nile kwa njia ile. Ziwa Kivu lenyewe liliandikwa mwaka 1894, alipofika Mjerumani Gustav Adolf von Götzen akitokea Rwanda. Mwenzake Richard Kandt alijenga makazi Shangi, kwenye ukingo wa upande wa Rwanda. Dola Huru ya Kongo ilikuwa inadai eneo hilohilo, na mwaka 1901 maofisa wake waliweka kituo mahali pa Bukavu. Kwa miaka kadhaa Wajerumani na Wabelgiji walitazamana kwa bunduki juu ya maji hadi makubaliano ya 1910, yaliyopitisha mpaka ziwani na Mto Ruzizi na kuiacha Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote, upande wa Kongo. Watu wa kingo mbili za Ruzizi, waliokuwa wakitembeleana na kuoana, wakajikuta raia wa nchi mbili.

Mwami wa Kabare hakuombwa ruhusa ya kilima chake. Rutaganda, aliyetawala wakati huo, aliwapinga Wabelgiji kwa muda mrefu, na mrithi wake Rugemaninzi aliondolewa madarakani na kupelekwa mbali na nchi yake katika miaka ya 1930. Ndivyo mapokezi yalivyogeuzwa: aliyekuja ndiye aliyegawa ardhi, naye mwenye nchi akaanza kuomba kibali.

Mwaka 1927 kituo kilipewa jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, ofisa wa Dola Huru aliyewahi kuwa makamu wa gavana mkuu na kufariki mwaka 1905. Mji ulibaki na jina hilo hadi miaka ya 1950, ulipolirudia jina la Bukavu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kivu, shirika lililopewa eneo kubwa la ardhi ili kuvuta walowezi, na miaka michache baadaye mji ukawa makao makuu ya jimbo. Walowezi walipanda kahawa, chai na mkwinini, mti ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Kiwanda cha kwinini kilichotokana na mashamba hayo, Pharmakina, kimeendelea kuwa mwajiri mkubwa wa mji hadi nyakati zetu. Safari ya kufika ilikuwa ndefu. Waliotoka Ziwa Tanganyika walipanda reli nyembamba kutoka Uvira hadi Kamanyola, kisha magari yakawapandisha magengeni. Kilichowangoja juu kilisifiwa katika matangazo kuwa ni Uswisi ya Afrika: hewa baridi, maji yasiyo na mamba, na mvua inayopumzika kuanzia Juni hadi Agosti.

Mapokezi ya mgeni wa Kizungu yaliandaliwa kwa mawe na saruji. Kando ya barabara kuu, iliyoitwa Avenue Royale na baada ya uhuru ikapewa jina la Patrice Lumumba, yalipanda majengo ya mtindo wa Art Deco: roshani zilizopinda, madirisha ya duara, mistari mirefu ya mlalo inayomkumbusha mtu meli. Ni miji michache ya Afrika ya Kati yenye mengi kama hayo mahali pamoja, na mengi bado yamesimama, ingawa plasta inabanduka. Zilikuwapo hoteli, klabu ya mashua, na maduka ya Wagiriki na Wahindi. Rasi za Muhumba, Nguba na La Botte ziligawiwa kwa viwanja vipana vyenye maua hadi majini. Wajesuiti walijenga chuo chao cha wavulana, ambacho leo ni Kolegi Alfajiri, na kilomita 40 hivi kaskazini, huko Lwiro, taasisi ya utafiti wa kisayansi iliyoundwa mwaka 1947 iliwavuta wataalamu kutoka Ulaya waliokuja kupima matetemeko, volkeno na samaki wa ziwa.

Mgeni Mwafrika alipokewa na karatasi. Amri ya mwaka 1931 ilianzisha katika miji ya Kongo ya Kibelgiji mitaa maalumu ya Waafrika iliyo nje ya mamlaka ya machifu wa kimila. Kuishi humo kulihitaji kibali, kibali kilihitaji kazi, na aliyepoteza kazi aliweza kurudishwa kijijini. Kwa Bukavu mtaa huo ulikuwa Kadutu, juu ya mteremko, mbali na ukingo. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mitaa ya Wazungu bila hati. Waliobaki huko ni watumishi, waliolala katika vyumba vidogo nyuma ya majumba ya mabwana zao. Vyumba hivyo vya nyuma viliishi kuliko sheria iliyovizaa: baada ya uhuru vingi vilipangishwa kwa wanafunzi na vijana waliotoka vijijini. Katika miaka ya 1950 ofisi ya serikali ya nyumba za Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga Bagira, mtaa wa safu zilizonyooka kwa ajili ya wafanyakazi wenye familia. Hata mgeni asiyeujua mji anaweza leo kuitambua Bagira kwa mpangilio wake.

Ila karatasi haikupika chakula. Mtu aliyepanda Kadutu kutoka Walungu, Shabunda, Mwenga au Kalehe alitafuta kwanza mtu wa kwao. Mshi alikwenda kwa Mshi, Mrega kwa Mrega, Mfuliiru kwa Mfuliiru. Mwenyeji huyo, ambaye pengine alikuwa na miaka miwili tu mjini, alimpa mkeka, akampeleka kwa mwajiri wake, akamwonyesha mahali pa kupitia na pa kutopitia. Mambo hayo yalikuwa na uzito wa sheria: kupotea njia jioni kuliweza kumpeleka mtu mahabusu. Kutokana na mazoea hayo vilizaliwa vyama vya watu wa kabila au wilaya moja, ambavyo hadi leo huchangia matanga, mahari na nauli ya maiti kurudishwa nyumbani. Wakosoaji wamevilaumu kwa kugawa mji kwa makabila, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini hapakuwa na taasisi nyingine iliyomsubiri mgeni maskini.

Lugha ya kukutania ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa kimefika Maniema na wafanyabiashara wa misafara ya pwani, waliojikita Nyangwe na Kasongo tangu miaka ya 1860, kikapanda Kivu pamoja na wapagazi, askari, makarani na makatekista. Kijijini mtoto wa Kishi alisema Kimashi. Kiswahili alikipata mjini, mara nyingi ndani ya wiki zake za kwanza kwa mwenyeji, kikiwa kimechanganyika na Kifaransa cha ofisini na cha karakana. Msemaji wa Unguja au Mombasa akifika Bukavu huelewa karibu yote, ila hukwama kwenye viambishi vilivyolegezwa na maneno kama parsele, yaani kiwanja na nyumba zake, babula, yaani jiko la makaa, na motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Chakula nacho kina majina yake: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, mboga ya lengalenga, makayabu, yaani samaki wa chumvi, na sambaza, vidagaa vya kukaanga ambavyo mgeni huandaliwa akiambiwa ndicho chakula halisi cha Ziwa Kivu. Ukweli ni kwamba sambaza naye alikuja. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 na kumwagwa katika ziwa lililokuwa na samaki haba, akazaana hadi akawa msingi wa uvuvi wa usiku, ule wa mitumbwi iliyofungwa pamoja na kuwasha taa.

Uhuru wa 1960 uliondoa vibali na kufungua rasi kwa yeyote mwenye cheo au fedha. Haukuleta utulivu. Mwezi Agosti 1964 waasi wa Simba waliushambulia mji wakarudishwa nyuma na jeshi la Kanali Léonard Mulamba, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka uliofuata. Uwanja mmoja wa Ibanda una jina lake. Mwaka 1967 ulikuwa mbaya zaidi. Mamluki wa Kizungu walioasi chini ya Jean Schramm, Mbelgiji aliyekuwa na shamba Maniema, waliuteka mji mwezi Agosti wakaushikilia hadi mwanzo wa Novemba, huku jeshi la taifa likiwazingira na kuwapiga kwa mizinga. Wakazi wengi walikimbia. Mamluki waliposhindwa walivuka Ruzizi, Rwanda ikawazuia kambini hadi waliporudishwa Ulaya mwaka 1968, na jambo hilo likavunja kwa muda uhusiano wa nchi hizo mbili. Mji walioukuta wakazi waliporudi ulikuwa na kuta zilizotobolewa na maduka matupu. Nyumba nyingi za walowezi hazikupata tena wenyewe wa zamani. Baada ya hatua ya Mobutu ya Novemba 1973 ya kuzipokonya biashara za wageni na kuwapa Wazaire, Wagiriki na Waasia wengi nao waliondoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya amani kiasi, na mapokezi yalibadilika tabia. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyotangazwa mwaka 1970 kwa juhudi za mhifadhi Adrien Deschryver, ilivuta watalii waliotaka kuwaona sokwe wakubwa wa nyanda za chini za mashariki, nao walilala katika hoteli za mjini kabla ya kupanda msituni alfajiri. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa na Zaire, Rwanda na Burundi mwaka 1976, ilirahisisha safari za Cyangugu na Bujumbura. Kundi kubwa zaidi la wageni lilikuwa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika mwaka 1991, na kwa kuwa mabweni yalikuwa machache, karibu kila jamaa yenye chumba ilijikuta na mpwa, binamu au mtoto wa jirani wa kijijini anayesoma.

Kipindi hicho ndicho kilichoimarisha desturi za nyumbani ambazo mgeni wa leo bado anazikuta. Mgeni hafikii kwa mtu mmoja. Hufikia kwa parsele nzima, pamoja na wapangaji wa vyumba vya nyuma. Huitwa kwa jina la kindugu kabla jina lake halijazoeleka, naye huwaita wenyeji papa na mama, au mama fulani kwa jina la mtoto. Mzee wa nyumba huuliza habari za barabara kwanza, kisha za waliobaki, ndipo shida iliyomleta, na kuuliza shida kabla ya chakula ni utovu wa adabu. Mara nyingi hulala katika chumba cha watoto, na watoto huhamia sebuleni. Asubuhi hugundua kazi ambayo miteremko ya vilima huificha kwa anayetazama kutoka ziwani: maji hupandishwa kwa bidoni vichwani na mgongoni, kwa kuwa mabomba ya mtaani yana siku zake, na umeme hukatika ingawa mabwawa ya Ruzizi, la kwanza likiwa la mwishoni mwa miaka ya 1950, hayako mbali na mji. Mgeni mwenye busara hubeba bidoni bila kuambiwa. Kwa Bashi, mapokezi ya heshima hukamilishwa kwa kasiksi, pombe ya ndizi, isipokuwa katika nyumba za walokole, ambako chai ya maziwa huchukua nafasi yake. Jumapili ya kwanza hupelekwa kanisani, na katika makanisa mengi huombwa asimame ajulikane.

Mwenyeji ana wajibu mwingine wa kumtambulisha mgeni kwa kiongozi wa mtaa. Mji umegawanywa katika wilaya za Ibanda, Kadutu na Bagira, kisha mitaa, kisha barabara, na chini kabisa wako wakuu wa nyumba kumi, mfumo uliojulikana zaidi Tanzania tangu miaka ya 1960. Nyakati za salama ni adabu tu ya ujirani. Nyakati za vita jina lisiloandikwa linaweza kumletea mwenyeji askari usiku.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, malaki ya watu walivuka Ruzizi kwa siku chache. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, watoto na wazee, na walikuwamo pia askari, wanamgambo na viongozi waliokuwa wameua. Walijaa barabarani, katika viwanja vya shule na makanisa, hata katika uwanja wa Kolegi Alfajiri, kabla ya kupelekwa kwenye makambi ya nje ya mji. Miti ilikatwa, bei za vyakula zilipanda, na magonjwa ya kuhara yakazuka. Askofu mkuu wa Bukavu, Mjesuiti Christophe Munzihirwa, alizungumza mara kwa mara akitaka wakimbizi wahurumiwe na wenye hatia watenganishwe na wasio na hatia. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Nyawera, katikati ya mji, majeshi ya Rwanda na waasi wa AFDL walipokuwa wakiingia. Makambi yalivunjwa, na wengi wa waliokuwamo walikimbilia msituni kuelekea magharibi, ambako maelfu waliangamia.

Suala la nani ni mwenyeji, ambalo kalinzi ililijibu kwa ng'ombe, wakati huo lilikuwa limekuwa suala la bunduki. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilikuwa imewaondolea watu wengi wenye asili ya Rwanda uraia waliopewa mwaka 1972, na Wanyamulenge wa milima ya Uvira na Fizi walikuwa wakiambiwa kuwa si watu wa hapa. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliiweka Bukavu chini ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda. Mwanzoni mwa Juni 2004, wakati serikali ya mpito ilikuwa tayari imeundwa, askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji kwa siku kadhaa, wakapora na kubaka. Katika machafuko hayo Watutsi wengi wa Kongo waliokuwa wakiishi mjini walivuka kwenda Cyangugu na Burundi kwa hofu ya majirani zao. Sifa ya ukarimu wa Bukavu ni ya haki, lakini haikuwafikia wote.

Katika miaka hiyohiyo vijiji vya Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda vilivamiwa tena na tena na makundi yenye silaha, na wakulima wakahamia mjini. Hapa ndipo mapokezi ya Bukavu yalipokua kupita kipimo. Wengi wa waliohama Kivu Kusini hawakukaa kambini. Walikaa katika nyumba za watu, ambazo mashirika ya misaada yaliziita familia pokezi. Nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu saba ikawa na kumi na wanne. Msaada uligawiwa kwa waliohama huku familia iliyowapokea ikila kidogo kuliko kawaida, na ilichukua miaka kabla mashirika hayajaanza kumhesabu mwenyeji naye kuwa mhitaji. Waliokaa muda mrefu walijenga karibu na waliowapokea, mbao na mabati, kwenye miteremko ya Kadutu na Panzi ambayo haikupangwa kwa makazi. Athari zake zinaonekana. Moto ukiwaka hauna mahali pa kuzuiwa kwa sababu gari la zimamoto halipiti, mvua kubwa huondoka na nyumba, na huko Funu ardhi yenyewe inateleza polepole pamoja na waliojenga juu yake. Idadi ya wakazi wa mji sasa inakadiriwa kupita milioni moja.

Panzi imejulikana duniani kwa mgeni wa aina nyingine. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu na mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alianzisha hospitali huko mwaka 1999 akikusudia hasa kuwasaidia wajawazito. Badala yake walianza kuletwa wanawake waliojeruhiwa kwa kubakwa vitani. Matibabu yalipokwisha, wengi hawakuwa na pa kurudi: waume zao wamewakataa, au vijiji vyao havipo. Kwa hiyo hospitali ililazimika kujifunza kazi ya mwenyeji, kuwapa makazi, mafunzo ya ushoni na kusoma, na mawakili. Kutokana na haja hiyo zilizaliwa Nyumba ya Dorkasi na, mwaka 2011, Mji wa Furaha. Mukwege alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018.

Mlima Nyiragongo nao umewaleta wageni. Ulipolipuka Januari 2002 lava ilikata mji wa Goma katikati, na ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021 serikali iliamuru siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ihamishwe. Maelfu walipanda boti kuja Bukavu. Bandarini walikutana na jamaa zao, waumini wa makanisa yao, na watu wasiowajua waliokuja na magari kuuliza nani hana pa kulala. Wengi walikaa wiki chache kisha wakarudi. Mapokezi hayo yalitofautiana na ya wakulima waliohamishwa na vita kwa jambo la wazi: watu wa Goma walikuwa wa mjini, wenye simu, marafiki na mara nyingine akiba, na kila mtu alijua kwamba wangerudi. Mkulima wa Shabunda aliyefika mtaa wa Cimpunda na watoto watano hakuwa na tarehe ya kurudi.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waliiteka Goma, na wimbi jingine la watu likashuka kusini. Safari hii Bukavu haikukaa mwenyeji kwa muda mrefu. Uwanja wa ndege wa Kavumu uliangukia mikononi mwa waasi tarehe 14 Februari na mji wenyewe siku mbili baadaye. Waliokuwa na uwezo walivuka kwenda Cyangugu na Bujumbura, wengine wakashuka Uvira, na baadhi yao walifikia kwa watu ambao miaka ya nyuma waliwahi kulala katika sebule zao za Kadutu na Panzi.